Sahihi ya Salat Kulow kwa Mguu wa Abshiro

Soko la Mifugo, Garissa
Jumamosi, 23 Machi 1996

Abti Ruweyda, mpwa wangu,

Assalaamu alaykum. Kabla hujasoma zaidi, keti. Barua hii imeandikwa na mtu ambaye, tangu darajani mpaka soko la ng'ombe, hakuna jambo linaloamuliwa Garissa kabla hajaulizwa. Juzi tu mkuu wa wilaya alisimamisha gari lake katikati ya barabara, akashusha kioo, akasema, "Salat, mvua itanyesha lini?" Nikamwambia Jumanne. Jumanne haikunyesha, lakini hilo ni kosa la mvua.

Sasa habari. Mama yako yuko hapa. Usishtuke. Dada yangu Abshiro ameletwa kutoka Bute juu ya lori la mbuzi, siku mbili njiani, mguu wa kushoto umefungwa shuka. Vidole vitatu vimekuwa vyeusi kama makaa. Harufu yake, Mungu anisamehe, hata mbuzi walimwachia nafasi. Nimempeleka ile hospitali ndogo ya wafadhili, kwa sababu pale wananijua.

Daktari ni kijana wa Meru, anaitwa Mbaabu. Kazi anaijua, ila Kisomali hajui hata cha kuombea maji. Muuguzi anayemtafsiria, Timiro, yuko likizo. Basi unajua aliombwa nani. Mimi ndiye niliyemtafsiria mzungu wa chanjo ya ngamia mwaka wa sabini na moja, kutoka Wajir mpaka Mandera, na mpaka leo ngamia wa huko wakisikia Kiingereza wanapiga magoti wenyewe.

Daktari alisema hivi: sukari imekula mguu, ukatwe chini ya goti, la sivyo uozo utapanda na mama atakufa. Nikamwambia dada. Dada akaanza maneno mengi. Daktari alipoona maneno yamezidi, akataka kupima kama akili yake iko sawa, maana wenye sukari nyingi huchanganyikiwa. Akamuuliza maswali matano. Ruweyda, aliyakosa yote. Nasema kwa huzuni: kichwa cha mama yako kimekwenda.

Daktari akaandika, kisha akaniuliza, "Mzee, wewe ndiye mkubwa wa familia?" Nikamwambia aende aulize sokoni. Akanipa karatasi, nami nikaweka sahihi yangu ile kubwa, yenye mkia. Upasuaji ni Alhamisi, tarehe 28, saa mbili asubuhi, bingwa wa kukata akifika.

Usije. Najua una mitihani. Kila kitu kiko mikononi mwangu. Barua hii anakuletea Abdikafi, kondakta wa basi, ambaye mimi ndiye niliyemtafutia kazi, ingawa yeye husema aliyemtafutia ni shemeji yake.

Mimi abti yako, ndugu wa mama yako tumbo moja,
Salat Kulow
Dalali Mkuu, Mkalimani wa Serikali (Mstaafu), Mzee wa Jamii


Chuo cha Uuguzi, Nairobi
Jumatatu, 25 Machi 1996

Abti Salat,

Wa alaykum salaam. Abdikafi aliileta barua mpaka langoni. Nimeisoma mara tatu. Nimejaribu kupiga simu hospitalini kutoka kibanda cha hapa chuoni, inalia, haishikwi. Kwa hiyo naandika, na naomba unijibu kwa basi la kesho.

Mara ya mwisho kumwona mama, hooyo wangu, ilikuwa Desemba. Alinitajia kwa rangi na kwa pembe kila mbuzi aliyemuuza tangu nizaliwe, nani alimnunua, na nani alidanganya umri wa mnyama. Kichwa cha namna hiyo kinaweza kwenda kwa miezi mitatu, sukari hufanya hivyo. Lakini mgonjwa aliyechanganyikiwa na sukari haonekani kwa maswali tu. Analala ovyo. Hajui aliko. Hamjui ndugu yake. Je, hooyo alikujua?

Daktari aliuliza nini, neno kwa neno? Alijibu nini, neno kwa neno? Usinipe maana yake. Nipe maneno yake.

Mwalimu anayetufundisha sheria ya wagonjwa anasema mtu mzima mwenye akili zake hawekewi sahihi na mtu mwingine, awe mume, awe baba, awe kaka. Na kinachopimwa si kama anajua tarehe. Kinachopimwa ni kama anaelewa anachoambiwa juu ya mguu wake, anaweza kukishika kichwani, akakipima faida na hasara, kisha akasema lake. Akiyaweza hayo anaweza hata kukataa. Sote tutalia, na bado itakuwa haki yake.

Usifikiri nautetea mguu. Vidole vya namna hiyo nimeviona wadini. Ningeulizwa mimi, ningesema ukatwe, na mapema. Lakini mguu si wangu. Si wako pia, abti.

Karatasi uliyoweka sahihi ilisema nini? Ilikuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza? Uliisoma?

Mitihani yangu inaanza leo mpaka tarehe 4 Aprili. Nikitoka, narudia mwaka mzima. Isingekuwa hivyo, ningekuwa nimeshapanda basi.

Ruweyda


Soko la Mifugo, Garissa
Jumanne, 26 Machi 1996

Abti Ruweyda,

Umeandika kama hakimu. Abdikafi aliponipa bahasha niliiona nzito, nikajiuliza nimeshtakiwa na nani.

Unataka maneno, chukua maneno.

Daktari: Mama, leo siku gani? Dada: Ijumaa. Hilo alipata, nakubali. Niliposema ameyakosa yote nilikuwa na maana ya mengi.

Daktari: Tarehe ngapi? Dada: Mbili. Ilikuwa ishirini na mbili.

Daktari: Mwaka gani? Dada: Alhamisi. Hapo daktari aliweka kalamu chini, akaishika tena.

Daktari: Mkubwa wa nchi hii ni nani? Dada: Mwenyezi Mungu. Daktari akasema, na chini ya Mungu? Dada akasema, "Huyo hajawahi kufika Bute."

Daktari: Mia ukitoa saba? Dada: "Hao saba wamekwenda wapi? Wameibiwa au wamekufa?"

Haya, niambie wewe uliyesoma, ungeandika nini?

Najua utakachosema. Utasema mwaka wa Alhamisi ni mwaka wa Alhamisi, hata babu yetu alihesabu hivyo, miaka saba kwa majina ya siku saba, kisha unaanza upya. Na tarehe mbili ni ya mwezi wa mbinguni, ulioandama Jumatano. Najua yote hayo, sikuzaliwa jana. Lakini nimwambie daktari msomi, mbele ya wauguzi wawili kutoka Kitui, kwamba kwetu miaka inaitwa kama siku za wiki? Angetuona watu wa porini. Nimekaa Garissa miaka ishirini na mitano nikijenga jina. Nilitafsiri jibu. Kazi ya mkalimani ni jibu, habari za nyuma ya jibu si kazi yake.

Unauliza kama alinijua. Alinijua. Aliniita Salat mwongo mbele ya watu.

Lakini mambo mengine aliyosema wewe hukuyasikia. Alishikilia kaburi. Kaburi litachimbwa wapi, nani atachimba, nguo nyeupe itatoka wapi. Mtu anaambiwa habari ya mguu, yeye anazungumza mazishi, tena mara tatu! Daktari aliniuliza, "Anasema nini sasa?" Nikamwambia, "Anazungumza kaburi." Akatikisa kichwa, akaandika. Mimi sikuongeza hata chumvi.

Karatasi niliisoma juu mpaka chini. Nikaigeuza nikasoma na nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu, nikakisoma hivyo hivyo. Ilikuwa ya Kiingereza, kile kizito cha mahakamani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wa darasa la tano alikataa kunipokea, akisema hana cha kuniongezea.

Kurudi kwa daktari, sirudi. Dalali akisema ng'ombe ameuzwa, ameuzwa. Nikienda leo kusema yale maneno ya juzi hayakuwa vile, nani ataniamini kesho sokoni? Alhamisi ni keshokutwa. Tulia usome.

Abti yako,
Salat Kulow
Dalali Mkuu, Mkalimani, Mzee wa Jamii, Mshauri wa Hospitali


Chuo cha Uuguzi, Nairobi
Jumatano, 27 Machi 1996, saa moja asubuhi

Abti,

Sina muda wa salamu ndefu. Abdikafi anasubiri langoni na injini inanguruma.

Hooyo hakuwa akizungumzia kifo chake. Kiungo kinachokatwa kwa Mwislamu hakitupwi, kinafungwa kwa nguo na kuzikwa. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Alikuwa akiuliza mguu wake utazikwa wapi, na nani atauzika.

Anayekataa hana haja ya kuulizia kaburi la mguu. Hilo ni swali la mtu anayefikiria kukubali. Amepungukiwa na akili gani mtu huyo, abti? Amefika mbali kuliko daktari, na kuliko wewe.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ya Daktari Mbaabu. Nimemweleza mwaka wa Alhamisi, mwezi wa mbinguni na kaburi. Mpe mkononi kabla ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Kama hutaki kuonekana umekosea, mwambie mpwa wako wa Nairobi ni mjeuri na amekulazimisha. Nitakubali hata mbele ya watu.

Abdikafi anasema msafara wa polisi wanaolinda mabasi njiani ukiondoka kwa wakati, basi litafika leo jioni.

Akikatwa bila kuulizwa, atapona, na hatatuambia neno lolote tena la moyoni mwake. Unamjua.

Ruweyda


Soko la Mifugo, Garissa
Ijumaa, 29 Machi 1996

Abti Ruweyda,

Barua yako ilifika Alhamisi adhuhuri. Msafara wa polisi ulilala njiani kwa sababu lori la saruji lilipinduka. Kwa hiyo ilifika saa nne nzima baada ya saa ya kukata.

Usilie. Mguu upo. Upo pale pale kitandani, na vidole vyake vyeusi, na mwenyewe ameulalia. Na aliyeuokoa ni mimi.

Sikiliza hekima. Wewe ulidhani abti yako aliweka sahihi kama mtu wa kawaida anavyoweka. Hapana. Mimi nilipokuwa nimeishika ile kalamu, moyo uliniambia, Salat, acha mlango wazi. Nikatega. Nikaweka sahihi mahali ambapo mtu akisoma vizuri lazima asimame. Huu ni ujanja wa soko la mifugo: unafunga kamba fundo moja ambalo wewe peke yako unajua kulifungua.

Alhamisi asubuhi walimpakia mama yako kwenye kitanda cha magurudumu. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, chai mkononi. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akaishika karatasi, akasoma, akasimama. Akamwita mwenzake, naye akasoma. Wakamwita daktari. Daktari akasoma kwa sauti, "Mimi Salat Kulow, mgonjwa, nakubali nikatwe mguu wangu wa kushoto chini ya goti."

Kisha wakatoka watu wawili wenye nguo za kijani, wakauliza barazani, "Salat Kulow ni nani hapa?" Mmoja alikuwa ameshika kitanda kitupu cha magurudumu. Nikasimama. Nikaondoka. Niliondoka kwa hatua za mtu mwenye shughuli. Wanaosema nilikimbia mpaka soko la miraa ni wazushi, na kiatu kilichookotwa langoni kinafanana na changu tu.

Niliporudi, saa sita, baada ya kuhakikishiwa kwamba walitaka maelezo na si mguu, daktari alikuwa amekasirika. Amesema karatasi haina maana, upasuaji umeahirishwa, na bingwa atarudi Jumanne. Hapo ndipo Abdikafi alipofika na bahasha yako, na mimi, kama tulivyopanga mimi na wewe, nikampa daktari karatasi mkononi. Aliisoma amesimama. Kisha akaisoma ameketi. Aliniuliza, "Mzee, haya ulikuwa unayajua?" Nikamwambia mkalimani huulizwa maneno, haulizwi anachokijua.

Timiro amerudi kutoka likizo. Daktari ameniomba nipumzike kutafsiri. Amesema nimefanya kazi nyingi.

Abti yako, aliyeokoa mguu,
Salat Kulow
Dalali Mkuu, Mzee wa Jamii


Wadi ya Wanawake, Garissa
Jumapili, 31 Machi 1996

Ruweyda,

Anayeandika ni mimi Timiro, muuguzi. Maneno ni ya mama yako, mimi nayageuza Kiswahili tu, kwa sababu Kisomali hatukufundishwa kukiandika. Sipunguzi wala siongezi, ameniapisha. Anaanza.

Ruweyda mwanangu. Mimi ni mzima kasoro mguu.

Siku ya Alhamisi walinipakia kwenye kitanda chenye magurudumu, wakanisukuma. Hakuna aliyeniambia tunakwenda wapi. Nikafikiri, hivi ndivyo mbuzi wanavyoiona dunia. Tukasimama mlangoni, watu wakasoma karatasi, wakaangalia mguu wangu, wakaangalia karatasi, mmoja akacheka akaziba mdomo. Nikarudishwa. Bado hakuna aliyeniambia kitu. Baadaye Timiro akaja, akaniamkia kwa lugha yangu, nikamshika mkono sikumwachia mpaka alipoapa kwamba haendi likizo tena.

Ijumaa yule daktari mdogo alikuja akaketi juu ya kitanda changu. Mara ya kwanza alikuwa amesimama. Safari hii hakuniuliza mwaka. Alichora mguu kwenye karatasi, akaonyesha uozo uko wapi na unakwenda wapi. Akaniuliza, "Mama, tusipoukata itakuwaje?" Nikamwambia utapanda kama moto kwenye nyasi kavu, nami nitakufa kabla ya mvua. Akasema, "Tukiukata?" Nikamwambia nitaishi, nitatembea kwa gongo, ngamia sitawafuata tena, na mbuzi nitawaangalia kutoka mlangoni wakifanya wanavyotaka. Akasema naweza kufa hata kwenye kisu chenyewe. Nikamwambia hilo pia nimelisikia.

Jioni akarudi akauliza tena yale yale. Nikamwuliza Timiro kama daktari ndiye amesahau. (Hapa mama yako amecheka.) Timiro akasema anataka kujua kama mimi bado nakumbuka. Basi nikamrudia yote, na mahali alipokuwa amechora vibaya nikamwonyesha.

Kisha nikamuuliza swali langu. Lile lile nililompa Salat mara tatu. Mguu wangu mnaupeleka wapi?

Akaelekeza kidole nje. Kumbe wanachoma. Kuna shimo nyuma, moshi wake nilikuwa nauona dirishani nikidhani ni jiko. Nikamwambia, kama ni shimo hilo, basi hapana. Nitakwenda na mguu wangu kwa Mola wangu, na uozo wake. Hilo ndilo nilitaka kujua kabla ya kusema ndiyo au la, na kwa wiki nzima nikaambiwa sina akili.

Daktari akasema, "Mama, ungeniambia." Nikasema nimekuambia mara tatu, mkalimani wako ana pamba mdomoni.

Tumekubaliana. Utafungwa nguo nyeupe, utakabidhiwa Salat, atauzika kwenye makaburi yetu, kando ya marehemu shangazi Kaha, na mimi nitaambiwa mahali penyewe. Daktari ameliandika hilo kwenye karatasi mpya, Timiro amenisomea kila mstari. Nikaweka kidole gumba changu. Naambiwa karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la Salat peke yake. Wangemkata yeye, angeongea miaka ishirini bila kupumua.

Watakata Jumanne. Naogopa? Timiro, andika ndiyo. Andika naogopa, na nimekubali.

Daktari aliniuliza habari ya miaka yetu. Tukahesabu kwa vidole, tukaona alizaliwa mwaka wa Jumapili. Alifurahi kama mtoto, amekwenda kuwaambia wenzake.

Abti yako usimkemee. Nilimlea mgongoni. Tangu mdogo alikuwa hivyo, akianguka anasema ameruka.

Mama yako, Abshiro Kulow
(kidole gumba chake hapa chini, wino umemchafua kidogo)


Chuo cha Uuguzi, Nairobi
Alhamisi, 4 Aprili 1996

Abti Salat,

Timiro amenipigia simu ofisini kwa mlezi wa wanafunzi. Hooyo alikatwa Jumanne, ameamka, ameomba chai, ameikataa kwa kuwa ilikuwa na maziwa ya unga. Jana homa ilipanda kidogo, leo imeshuka. Alhamdulillahi.

Mitihani imekwisha saa sita mchana. Nitapanda basi Jumamosi.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, nikaitumia yote kwenye mtihani wa anatomia.

Nimemsimulia mwalimu wetu wa sheria kisa hiki bila kutaja jina lako wala la hospitali. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema mgonjwa huyo aliponea chupuchupu, na ameniomba nikiandike kwa ajili ya darasa linalokuja, ili wajifunze kuuliza swali la pili.

Nataka kukiandika kwa usahihi. Mwaka wa Alhamisi nimeuelewa. Kaburi nimelielewa. Kitu kimoja sijakielewa, na aliyekuwepo ni wewe peke yako. Ile sahihi. Niandike ulikuwa mtego, au niandike nini?

Hooyo hatajua, wala Abdikafi. Nijibu kabla ya Jumamosi, maana nikikuona uso kwa uso utanisimulia habari za ngamia.

Na kaburi la mguu, lilikuwaje?

Ruweyda


Garissa
Ijumaa, 5 Aprili 1996

Abti Ruweyda,

Mazishi yalikuwa makubwa. Watu mia tatu walihudhuria, na wengine walikosa nafasi.

Andika mia.

Tulikuwa watatu. Mimi, Abdikafi, na mchimba kaburi, ambaye aliuliza mwili uliobaki uko wapi. Nikamwambia unakunywa chai wadini. Alichimba haraka sana baada ya hapo.

Nilikibeba kile kifurushi mwenyewe kutoka hospitalini. Abdikafi alitaka kunipokea, sikumpa. Kilikuwa chepesi. Sikutegemea. Mguu huo ulinibeba mimi mgongoni kwa dada kutoka visimani Wajir mpaka kambini kwetu, mwaka baba alipofariki, nami nilikuwa mzito, kila mtu anasema nilikuwa mzito. Niliposhika kile kitambaa nikatafuta uzito nisiuone.

Ni kando ya Kaha, upande wa kibla, hatua nne kutoka ukutani. Nimeweka mawe matatu. Jana nilimweleza mama yako hatua zote, akanirudisha nihesabu tena kama zilikuwa nne au tano. Nikaenda. Ni nne. Akasema vizuri. Tangu aje Garissa hilo ndilo neno zuri la kwanza aliloniambia, na nilikuwa nimelifanyia kazi ya kweli, kwa hiyo sikujua niseme nini, nikanyamaza. Timiro ni shahidi, alitazama saa.

Daktari Mbaabu amenisalimia kwa Kisomali. Amekosea, nimemwacha.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo tangu Abdikafi aliponipa barua leo mchana. Nimeanza majibu mawili, nimeyachana yote. La kwanza lilikuwa na simba.

Ile karatasi ilikuwa na mistari miwili ya kuwekea sahihi, mmoja juu, mmoja chini. Chini ya kila mstari palikuwa na maneno madogo. Niliyatazama kwa muda wa kutosha, daktari akaona nasoma. Sikujua hata neno moja.

Mstari wa juu ulikuwa mrefu, wa chini mfupi. Jina langu lina mkia. Nikachukua ule mrefu.

Salat